Mlango wa feri ukishainuliwa: uchambuzi wa kisa cha hofu ya ghafla kivukoni Likoni

Mama wa miaka 41, mkazi wa Likoni, muuzaji wa leso na madera karibu na Biashara Street, Mombasa kisiwani. Alifika kwa mshauri nasaha na lalamiko moja: hawezi tena kupanda feri. Kwa majuma kumi na moja alikuwa akizunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, akishuka matatu hii na kudandia ile, atokee Miritini ndipo ashuke mjini. Safari ya feri ilikuwa haimgharimu kitu kivukoni, maana anayevuka kwa miguu halipi, na ilimfikisha dukani kabla ya saa mbili. Sasa alifungua saa nne na nusu, wateja wa asubuhi wameshapita, na nauli ilikula faida ya leso mbili kila siku.

Tumwite Mama Sudi. Si mtu mmoja. Kisa kimeshonwa kutokana na hali zinazojirudia katika tiba ya mazungumzo, na alama za kumtambulisha yeyote zimeondolewa. Kimepangwa hivi ili kionyeshe kazi ya stadi ndogo ndogo ilivyo, pamoja na mahali ilipoteleza.

Mara ya kwanza ilimpata katikati ya Ramadhani, alasiri. Amefunga, hajalala vizuri usiku wa nne mfululizo, jua kali, feri imejaa watu wanaowahi futari. Mlango wa chuma ulipoinuliwa, moyo ukamdunda "kama ngoma ya sengenya", pumzi zikamkata, vidole vikaingia ganzi, akawa na yakini kwamba anakufa palepale. Wanawake walimpepea kwa leso. Hospitalini moyo ulipimwa kwa mashine, presha na sukari zikapimwa, akaambiwa moyo ni mzima, hana kitu.

Faraja hiyo ilidumu siku tatu. "Huna kitu" ni kauli ya kweli kwa daktari wa moyo, lakini mgonjwa ameuona mwili wake ukimgeuka. Akiambiwa hana kitu, kinachobaki kichwani ni kwamba kitu hicho hakijaonekana. Ndipo akaanza kujipima mshipa wa shingo mara kwa mara. Shambulio la pili lilimpata kwenye feri, la tatu kwenye matatu iliyokwama foleni, la nne msikitini, katika safu ya katikati ambako kutoka ni kuruka watu. Hofu ilikuwa imeshaacha maji na kuhamia popote ambapo kutoka kwa haraka hakuwezekani.

Tathmini

Mwili kwanza, hata kama mashine ilishasema. Mapigo ya kasi yanaweza kuletwa na tezi ya shingo iliyozidi kazi, upungufu wa damu, sukari kushuka, dawa za pumu, na kahawa. Daktari aliombwa apime damu na tezi. Tezi ilikuwa sawa. Damu ilikuwa pungufu kidogo, akaanzishiwa vidonge vya madini ya chuma. Aliulizwa pia juu ya miraa na muguka bila kuumauma maneno, kwa sababu Mombasa swali hilo haliwi tusi likiulizwa kwa kila mtu. Hatumii. Kahawa chungu, ndiyo: vikombe vinne baada ya Isha, ili akeshe akikunja pindo za madera. Vikapunguzwa hadi kimoja kabla ya adhuhuri, taratibu ndani ya siku kumi, maana kuviacha ghafla huleta maumivu ya kichwa yanayoweza kumtisha upya.

Dodoso la sonona lenye maswali tisa lilitoa alama 9 kati ya 27, la wasiwasi lenye maswali saba likatoa 15 kati ya 21. Swali la mwisho la dodoso la kwanza, linalohusu kutamani kufa au kujidhuru, huulizwa kwa mdomo na kwa maneno yaliyo wazi hata kama karatasi imejazwa "hapana". Mama Sudi alicheka kidogo: "Mie nakimbia kufa, mdogo wangu, sikitafuti kifo."

Kisha likaja swali lililoamua njia yote ya tiba: "Fumba macho, uko katikati ya maji, mlango umeshainuliwa. Jambo baya kabisa linalotokea ni lipi?"

Mtu angedhani ni feri kuzama. Kwa Mombasa si hofu ya kipumbavu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa, na familia nyingi za ng'ambo ile zina wa kumtaja. Jibu lake lilikuwa jingine. "Feri yafika. Mie ndiye sifiki. Moyo wasimama na pale kati hakuna daktari." Baada ya kimya akaongeza la pili, kwa sauti ya chini: akianguka, buibui litafunguka mbele ya wanaume.

Kama angeogopa kuzama, kazi ingekuwa kuangalia hatari halisi na namna ya kuibeba. Yeye alikuwa akiogopa moyo wake, na baada yake aibu. Kumthibitishia kwamba feri ni salama kungekuwa kumjibu mtu ambaye hakuuliza. Makosa mengi ya tiba ya hofu huanzia hapa: mshauri anakurupuka kuitibu feri.

Mchoro uliobandikwa kwenye jokofu

Mwanasaikolojia Mwingereza David Clark aliandika mwaka 1986 kwamba shambulio la hofu ya ghafla huendeshwa na tafsiri: mwili unatoa ishara ya kawaida, mtu anaisoma kuwa ni mauti, usomaji huo unaleta hofu, hofu inazidisha ishara, na duara linafunga. Mshauri hakumsomea nadharia. Alimpa kalamu na kumwuliza kilianza nini siku ile. Joto. Kisha? Moyo. Ukasemaje moyoni? "Nafa." Kisha? Moyo zaidi. Mshale ukarudi ulipotoka, yeye mwenyewe akiuchora.

Pembeni mwa duara ziliandikwa mbinu zake za kujiokoa: ndimu ya kunusa, chupa ya maji, vidonge vitano vya kutuliza alivyouziwa duka la dawa bila cheti, kusimama kwenye ukingo, na kumpigia mumewe simu mfululizo. Kila moja humpa nafuu ya papo hapo na kumwachia fundisho baya: nimepona kwa sababu ya ndimu. Kwa hiyo moyo haupati kamwe nafasi ya kujitetea.

Vidonge vile alivimeza mara mbili tu. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye pochi. Kwa hiyo vilihamishwa kwa hatua: pochini, mkobani, nyumbani kwa dadake mjini, kisha nyumbani kwake Likoni. Anayevimeza kila siku kwa majuma hahamishi hivyo. Hupunguziwa na daktari kidogo kidogo, kwa sababu kukata ghafla kunaweza kuleta degedege. Daktari alimweleza pia kwamba zipo dawa za sonona zinazotibu hofu hii vizuri, bila uraibu. Alichagua kuanza bila hizo, na ikaandikwa kwamba neno hilo litarudiwa kikao cha sita endapo hapatakuwa na mabadiliko.

Pumzi

Kwetu mtu akishtuka huambiwa "vuta pumzi, vuta pumzi!" Naye hutii: anajaza kifua, kabla hajatoa anavuta nyingine juu yake. Hapo ndipo ubaya ulipo. Aliyeshikwa na hofu tayari anapumua kuliko mwili unavyohitaji, na kinachompungukia ni hewa ya ukaa, si oksijeni. Hewa ya ukaa ikishuka kwenye damu, mishipa ya ubongo husinyaa kidogo, kichwa kinakuwa chepesi, midomo na vidole vinawasha, na kifua kinadai hewa zaidi. Amri ya kuvuta humwongezea anachokikimbia.

Basi amri ikageuzwa ikawa "toa". Kaa umeegemea, mkono chini ya kitovu. Toa hewa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu apozaye chai kwenye kisahani. Usivute, ngoja hewa iingie yenyewe puani kwa hesabu ya nne, mabega yametulia. Toa tena kwa hesabu ya sita. Mizunguko sita ni kama dakika moja. Dakika tano baada ya Alfajiri na tano kabla ya kulala, kwa juma zima, akiwa ametulia, bila kuijaribu kivukoni. Stadi hufundishwa wakati wa shwari kama vile kuogelea hufundishwa penye maji ya magoti.

Ya pili ilikuwa kurudisha macho kwenye kilichopo. Mazoezi ya kawaida, taja vitu vitano unavyoviona na vinne unavyovigusa, yalimchekesha. Alisema anajiona kama mtoto wa chekechea. Mshauri akamwuliza kwenye feri huwa anaona nini. Leso. Mwuza leso huziona kabla ya watu. Zoezi likawa: soma majina ya leso tatu zilizo karibu, maandishi yote hadi nukta, kisha rangi ya pindo, kisha fikiria ni ya msimu gani. Jambo dogo, lakini alilifanya bila kukumbushwa, na mbinu isiyofanywa haina faida yoyote.

Juma la tatu mambo yakaharibika. Bila kuambiwa, alikwenda hadi kwenye banda la kusubiria, hofu ikapanda, akaanza kuhesabu pumzi mbiombio, moja-mbili-tatu-nne, akijiuliza kila mzunguko kama imeshapungua. Haikupungua. Akarudi nyumbani akilia: "Nimetoa pumzi mara mia, haikusikia."

Kosa lilikuwa la mshauri. Alifundisha stadi vizuri na hakueleza kazi yake. Mama Sudi aliichukua pumzi kama ndimu mpya, kitu cha kumzuia asife. Si jambo geni kwa wanaofanya kazi hii: utafiti wa Norman Schmidt na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 2000 uliondoa mafunzo ya pumzi kwenye tiba ya hofu ya ghafla ili kuona kama yanaongeza kitu, na hayakuonekana kuongeza faida iliyo wazi. Wapo wanaozitupa kabisa tangu hapo. Hiyo ni kupita kiasi. Mgonjwa aliyekuja akitetemeka anahitaji kitu cha kushika juma la kwanza, na mwenye pumzi iliyotulia kidogo husikia anachoelezwa. Lakini lazima aulizwe mapema: "Usipofanya hivi, unaogopa kitatokea nini?" Akijibu "nitasumbuka", ni stadi. Akijibu "nitafa", ni mkongojo, na wakati wa kuuweka chini upangwe.

Pumzi ikapewa kazi mpya: dakika moja kabla ya kuingia kivukoni, na dakika moja baada ya kutoka. Ndani ya hofu yenyewe, hapana.

Kuileta kwa makusudi

Kikao cha nne kilikuwa cha mwili. Daktari aliridhia kwanza. Mwenye ugonjwa wa moyo, kifafa, pumu kali au mimba hafanyishwi mazoezi haya bila ruhusa hiyo. Mshauri alifanya kila zoezi pamoja naye, viatu wamevua, ili lisiwe jaribio la mtu mmoja kumtazama mwenzake akihangaika.

Hofu ilipimwa kwa vidole: ngumi ni sifuri, mikono miwili wazi ni kumi. Kabla ya kila zoezi alitamka atakachokipata. Kukimbia papo hapo dakika moja: vidole vinne. Kuzungushwa kwenye kiti dakika moja: vitatu, na kichefuchefu. Kupumua kwa mrija mwembamba, pua imebanwa: alikata kwenye sekunde ya arubaini. Kupumua kwa kasi na kwa kina dakika moja, akiwa amesimama: vidole vinane, na alisema inafanana na ile ya feri kwa tisa. Ndilo lililotafutwa.

Likarudiwa mara tano, mapumziko ya dakika mbili katikati. Kila mara alitabiri kwamba atazirai. Vidole: vinane, saba, saba, vitano, vinne. Hakuzirai. Alielezwa sababu baada ya kujaribu: anayezirai kwa kawaida presha yake inashuka, ilhali kwenye hofu ya aina hii inapanda. Wanaozirai wakiona damu au sindano ni kundi jingine na hufundishwa kukaza misuli. Mpangilio huo ni wa makusudi. Maelezo yakitangulia, mgonjwa huamini kwa adabu. Yakifuata, anayapima na alichokiona.

Mara ya nne alikaa akavuta shela vizuri, akatazama mikono yake iliyokufa ganzi. "Kumbe mie mwenyewe naweza kuileta."

Kazi ya nyumbani: zoezi hilo mara tatu kwa siku, siku saba, vidole viandikwe. Alifanya siku tano. Mbili za mwisho wa juma aliacha kwa sababu shemeji zake walikuwa nyumbani na hakutaka kuonekana anahema chumbani. Sababu safi, ikaandikwa hivyo.

Ngazi

Ngazi ilijengwa kwa saa za kivuko. Asubuhi umati unakwenda kisiwani, jioni unarudi Likoni, na saa nne hadi saa nane mchana kuna nafasi ya kupumua. Hatua za kwanza ziliwekwa humo: kusimama juu ya mteremko dakika ishirini, vidole vitatu; kuingia bandani, kungoja geti lifunguliwe, kisha kurudi, vitano; kuvuka na dadake, sita; kuvuka peke yake simu imezimwa, saba; kuacha ndimu nyumbani, saba; kuvuka saa moja asubuhi, vinane; kusimama katikati ya umati badala ya ukingoni, tisa; na mwisho jioni ya Ijumaa, baada ya kikombe cha kahawa, kumi. Kahawa ile iliwekwa kwa makusudi, moyo uende mbio naye aende zake.

Kwenye kidaftari kila safari ilikuwa na mistari mitatu: naogopa kitatokea nini, kimetokea nini, nimejifunza nini. Hakuna mstari wa "nilitulia". Akipewa shabaha ya kutulia, atakaa akijichunguza kama ametulia, na kujichunguza ndiko kulikomfikisha hapo. Angevuka na vidole tisa akafika, safari imefaulu.

Jambo moja halikutarajiwa. Banda, aliloliwekea vitano, lilimpa vinane, ilhali kuvuka na dadake kulimpa vitano. Bandani mlango wa kurudia uko wazi, na hofu inabishana nawe muda wote: rudi, bado unaweza, rudi sasa. Mlango wa feri ukishainuliwa, minyororo ikanyamaza, hakuna tena la kubishania. Kuanzia hapo mshauri aliongeza muda wa bandani, naye Mama Sudi akaacha feri mbili zimpite kabla ya kupanda ya tatu.

Juma la sita alianguka ngazi. Mumewe, aliyefurahi kumwona anavuka mchana, alimwambia Jumatatu alfajiri: "Si umeshapona? Twende." Saa moja kasoro, umati kamili, pamoja na mume aliyemshika mkono akimwuliza kila baada ya sekunde chache, "Uko sawa? Uko sawa?" Shambulio kamili. Akarudi Dongo Kundu siku sita.

Kikao hakikuanza kwa lawama wala kwa kumpa moyo. Kilianza kwa kidaftari. Ulitabiri nini? "Nitafa." Kikatokea nini? Alikuwa pale, anaongea. Ilidumu muda gani? Alidhani nusu saa. Mlangobahari ule una upana wa kama nusu kilomita na kuvuka hakufiki dakika kumi. Basi shambulio baya kuliko yote lilikwisha kabla hajafika Posta, mjini kisiwani. Hilo aliliandika mwenyewe. Mumewe akaitwa kwa dakika ishirini, akaelezwa kwamba kila "uko sawa?" ni ukumbusho kwamba huenda hayuko sawa. Alipewa kazi badala ya katazo, kwa sababu mume aliyekatazwa tu hurudia: amwulize bei ya leso za jumla.

Kilichokosekana kwenye tathmini

Katika kikao hicho hicho, akisimulia alfajiri ile, alisema kama kwa kupitia tu: "Na palepale niliposimama ndipo jeneza lilipowekwa."

Mamake alifariki hospitalini kisiwani majuma mawili kabla ya shambulio la kwanza. Mwili ulivushwa usiku kwa feri kwenda kuzikwa upande wa Likoni. Tathmini ilikuwa imeuliza kwa undani siku ya tukio: alikula nini, alilala saa ngapi, kulikuwa na joto kiasi gani. Haikuuliza mwezi uliotangulia. Usiku nne za kutolala zilikuwa zimeandikwa, na hakuna aliyeuliza alikuwa akikesha na nini. Naye hakusema, maana kwake msiba ulikuwa umekwisha: matanga yameondolewa, watu wamerudi makwao, na kulalamika baada ya hapo ni kama kumkosoa Mungu aliyeamua.

Ngazi ikasimamishwa kwa vikao viwili. Si kwamba hofu iligeuka huzuni na kwamba sasa chanzo halisi kimepatikana. Duara la moyo na tafsiri lilikuwa bado linazunguka kwa nguvu zake lenyewe. Ila kumsimamisha pale mahali bila kujua pana nini kulikuwa kumtaka abebe mizigo miwili kwa jina la mmoja. Alisimulia usiku ule kwa mpangilio, tangu kukabidhiwa mwili hadi kaburini, mara mbili. Kilichomkaa zaidi ni kwamba jeneza lilikuwa wazi kwa upepo na yeye hakuwa na leso ya ziada ya kulifunika. Mwuza leso. Juma lililofuata alipeleka doti tatu kwa jirani za mamake kama sadaka, wazo lake mwenyewe, na mshauri hakuongeza neno.

Jingine lililohitaji mkono mwepesi ni dini na majini. Shangazi yake alisema ni jini wa baharini. Kombe, maji yaliyooshea maandishi ya aya za Kurani, lilishanywewa, na mganga wa Kwale alishaulizwa. Mshauri hakupinga wala kukubali. Aliuliza kombe lilimsaidia vipi, akaambiwa lilimpa usingizi siku mbili, akasema basi hilo ni jema na vikao vinaweza kuendelea sambamba. Angemlazimisha kuchagua, angempoteza, na shangazi ndiye aliyekuwa akimlelea mtoto siku za kliniki.

Dhikri ilikuwa ngumu zaidi. Alikuwa akiisoma kwenye feri kwa kasi ileile ya kuhesabu pumzi, akiamini akikosea hesabu atakufa. Hakuna mshauri mwenye akili atakayemwambia mtu aache dhikri. Aliulizwa tu: kabla ya Ramadhani ile, ulikuwa ukiisoma vipi ukivuka? Akafikiri. Polepole, alisema, bila hesabu, akiangalia maji. Akakubali mwenyewe kuirudisha pale.

Mwisho wa vikao

Vikao vilikuwa kumi na kimoja, kila juma, dakika hamsini. Kwenye cha kumi na kimoja alama za wasiwasi zilikuwa 6, za sonona 5. Alikuwa akivuka kila siku ya kazi, asubuhi na jioni, akifungua duka saa mbili. Mwezi wa mwisho alipata mashambulio mawili, moja kwenye feri na moja jikoni. Yote mawili aliyaandika kwenye kidaftari, na la jikoni aliliandika baada ya kumaliza kukaanga viazi. Dawa ya sonona haikuhitajika. Ndimu bado inaingia mkobani siku zingine, na bado anapenda ukingo kuliko katikati. Ijumaa ya kahawa aliifanya mara moja, akatoa vidole saba, akasema harudii kwa kuwa kahawa ya mtaani ile ilikuwa mbaya.

Karatasi ya kujikinga iliandikwa nyuma ya boksi la madera, kwa mwandiko wake. Ishara za mapema: kujipima shingo, kumwuliza mume kama uso umepauka, kupitisha feri bila sababu. Akiona mbili kati ya hizo ndani ya juma, anarudi kwenye kupumua kwa kasi mara tatu kwa siku, na anachagua hatua moja ya ngazi aliyoikwepa. Akizunguka Dongo Kundu siku mbili mfululizo bila kuwa na mzigo wa kubeba, anapiga simu kliniki. Kwa Ramadhani iliyofuata waliweka ya peke yake: daku isikose maji, kushona kuishe saa nne usiku, na siku kumi za kwanza avuke alasiri kabla ya saa kumi, umati haujajaa bado. Kuanzia ya kumi na moja, apande feri yoyote inayokuja.